Mpigo wa Adabu

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, na maswali yake hayakuwa magumu. Jina. Namba ya jezi. Wimbo upi upigwe ukitoka uwanjani. Nani atakukabidhi maua: mke, watoto au wazazi? Wachezaji wote wa Mwewe wa Kagoshima, timu ya besiboli, waliostaafu kabla yake waliijaza huku wakinywa chai. Shuzo Niiro alikaa nayo siku nne. Mke hakuwa naye, watoto hakuwa nao, baba alifariki zamani na mama alimfuata mwaka juzi. Siku ya nne karani wa klabu alimfuata mpaka bafuni kuidai, na Shuzo, akiwa na taulo kichwani, akaandika kwa mkono ule ule uliowatoa uwanjani wapigaji elfu moja na mia sita: Kozue Ijuin. Kisha akarudi kwenye maji ya moto akijiambia kwamba fomu za ofisini huwa hazisomwi na mtu.

Jumamosi asubuhi gazeti la michezo lilitoka na picha yake ukurasa mzima, na chini ya picha ratiba ya shughuli, na ndani ya ratiba jina la mwenye maua. Kufika saa mbili, Kagoshima nzima ilikuwa inajua, tangu wauza samaki mpaka kinyozi wa stesheni, kwamba Niiro, mrushaji wa miaka thelathini na minane, kapera, atapokea maua kutoka kwa mwanamke ambaye baba yake alimfungia Niiro mlango miaka kumi iliyopita. Wapo wanaoapa kwamba hata mlima wa volkano unaoutazama mji ulilisoma gazeti lile, maana saa mbili na nusu ulikohoa mara mbili, na majivu yakaanza kushuka juu ya mji kama unga unaochekechwa.

Mzee Morihiko Ijuin, baba wa mwanamke huyo, alilisoma akiwa mezani. Aliliweka taratibu juu ya bakuli la supu, mpaka uso wa Shuzo ukaanza kuloa. Mzee huyu naye alikuwa amecheza besiboli ya kulipwa, mpigaji, miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa na jengo la mazoezi karibu na kituo cha tramu, lenye mashine saba za kurusha mipira, ambapo watu walikuja na hasira zao za kazini wakazipiga kwa gongo. Binti yake Kozue ndiye aliyekaa kaunta. Mke wake alifariki usiku ambao yeye alikuwa hotelini Sapporo na timu, na simu ilimpata mchana wa pili. Tangu siku hiyo aliweka sheria moja nyumbani mwake: hakuna mchezaji atakayemwoa Kozue. Shuzo alipokuja kuposa, akiwa na miaka ishirini na minane na mkono unaorusha mpira kilomita mia moja na hamsini kwa saa, mzee alimwambia aache besiboli kwanza, ndipo arudi.

Shuzo aliomba mwaka mmoja tu. Mwaka uliofuata akaomba mwingine mmoja tu. Kozue alingoja mara tatu, mara ya nne akaacha kupokea simu.

Na sasa kesho, Jumapili, ilikuwa siku njema kwenye kalenda, na mfanyabiashara wa chai kutoka Chiran, Bwana Samejima, mtu mpole asiyejua hata namna ya kushika gongo, alitegemewa saa nne asubuhi kuleta vitu vya posa. Samaki mwekundu wa sherehe alikuwa ameshaagizwa.

Mzee aliondoka mezani, akaenda kwenye simu iliyo nyuma ya mashine namba nne, akampigia mwanawe Sosuke. Kijana huyu, ndugu mdogo wa Kozue, alikuwa mpigaji wa Korongo wa Okayama, na timu yake ndiyo iliyokuwa ije uwanjani siku ile. Kwa bahati ambayo hakuna aliyeiomba, ndiye aliyepangwa kupiga wa kwanza. Maana yake ni kwamba ndiye atakayesimama mbele ya Shuzo kwa mara ya mwisho.

Hapo kuna desturi, na kila mtu aliyewahi kukaa jukwaani anaijua ingawa haimo katika kanuni yoyote. Mrushaji anayestaafu hupewa mpigaji mmoja tu. Mpigaji huyo huzungusha gongo akapiga upepo mara tatu, na anayekosa mara tatu ametolewa. Si kwa dhihaka. Hupiga kwa sura ya mtu anayejitahidi, anakosa, anavua kofia, na mzee wa watu anaondoka kilimani, kile kichuguu cha kurushia mpira, akiwa amemtoa mpigaji wake wa mwisho. Wote hulia, na hakuna anayesema kwa sauti kilichotokea.

Kozue, nyuma ya kaunta, alimsikia baba yake akitoa maagizo. Upepo uwe mzuri, baba alisema. Si ule wa kivivu. Ampigie upepo ambao ungemfanya mtu aamini ana miaka ishirini.

"Kwa sababu Taiwan wanamtaka," mzee akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nimeambiwa na mtu wa ndani. Klabu ya huko imempelekea barua, jibu linangojwa leo saa kumi na moja. Mwenzetu huyu ndiye mtu pekee Japani nzima anayeweza kuuamini mpigo wa adabu. Mpigie upepo mara tatu, Jumatatu atakuwa kwenye ndege. Na dada yako atapumua."

Mzee hakuwa anatania. Mwewe walishawahi kuwa na mrushaji aliyeitwa Kirino, aliyepigiwa upepo mzuri hivi kwamba kesho yake alifika kambini na begi lake akidai mkataba. Ilichukua wiki tatu na mganga wa macho kumrudisha nyumbani.

Kozue alingoja mpaka baba yake alipokwenda kujaza mipira kwenye mashine. Kisha akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikwenda Chiran na ilikuwa fupi. Ya pili ilikwenda hotelini kwa ndugu yake, nayo ilikuwa fupi zaidi.

"Mpige," akamwambia.

Sosuke akauliza kama dada yake amepatwa na homa. Alisema uwanja mzima ungemzomea, kocha wake angemla nyama, na mama za watoto wangemtemea mate stesheni mpaka azeeke. Kozue alimwambia anayajua yote hayo.

"Ukikosa kwa adabu, ataenda," akasema. "Ukimpiga kweli, ataona kwa macho yake kwamba basi. Nimalizie jambo hili, Sosuke. Nimechoka kulingoja lijimalize lenyewe."

"Baba anataka nipige upepo, wewe unataka nipige mpira. Kuna mtu ananiuliza mimi?"

"Wewe unataka nini?"

"Yule kaka alinifundisha kupiga kwa kunirushia machungwa nyuma ya nyumba yetu, nikiwa na miaka kumi na mitatu," Sosuke akasema. "Nitajua nikishalishika gongo."

Saa sita mchana Kozue alishuka kwenye tramu akiwa na mwavuli uliojaa majivu, na walinzi wa uwanja wakampisha kabla hajasema jina. Wote walikuwa wamesoma gazeti. Msichana wa klabu alimpa shada kubwa la maua meupe na ya zambarau, akamwonyesha mahali pa kusimama, akamweleza angoje ishara. Kozue aliliweka shada kwenye kiti, akauliza warushaji wanapasha misuli moto wapi.

Shuzo alikuwa peke yake kwenye banda la mazoezi, chini ya bati, akirusha mpira kwenye wavu polepole. Alisikia mlango akajua ni nani kabla ya kugeuka. Mgongo wake uligundua kwanza. Alikuwa ameongezeka nyama kidogo kiunoni na mvi mbili tatu juu ya masikio. Kozue alikuja na maneno yaliyopangwa tangu kwenye tramu, na alipoyaona yale masikio maneno mawili yakampotea. Akaendelea na yaliyobaki.

"Umeandika jina langu, Bwana Niiro."

Lile "Bwana Niiro" lilimchoma, na Kozue alikusudia limchome.

"Nimeandika."

"Bila kuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Kwa hiyo jibu ulikuwa nalo, halafu ukaandika."

Shuzo aliuzungusha mpira kwenye vidole. Akaeleza, kwa kubabaika, habari za karani na bafu na taulo. Akasema fomu iliuliza mke, watoto au wazazi, na yeye alifikiri siku nne nzima kuhusu watu alionao, na mtu aliyekuja kichwani alikuwa mmoja tu, na hakuona haki kuandika jina la karani. Kozue nusura acheke. Aliuma shavu kwa ndani.

"Baba ameliweka gazeti juu ya supu," akasema. "Uso wako ulikuwa unavimba."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Unamjua." Kisha sauti yake ikabadilika. "Niambie habari za Taiwan."

Mpira uliacha kuzunguka.

"Ni barua tu."

"Umeijibu?"

"Bado."

"Bado," Kozue akarudia, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni. "Hiyo bado yako naijua. Ni ule mwaka mmoja, umevaa nguo nyingine. Umewaita watu elfu thelathini waje wakulilie, umeniita mimi nije nikushikie maua mbele ya mji mzima, na kabatini mwako kuna tiketi."

"Si tiketi. Ni barua."

"Usinifundishe tofauti."

Shuzo alikaa kwenye benchi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyatoa kama anayevuta ndoo kisimani. Alisema kwamba tangu mwaka juzi, tangu kiwiko kilipoanza kuuma, kila mpigaji anayemkosa humtazama kwa huruma. Hata mazoezini. Vijana wa timu yake mwenyewe hukosa mipira yake wakamwinamia.

"Sijui kama nimekwisha, Kozue, au nimemalizwa kwa adabu. Hakuna anayeniambia. Nikienda Taiwan, wale hawanijui. Watanipiga kama wanataka kunipiga. Nitajua."

"Na mimi nitajua nini?"

Shuzo alianza tena kuuzungusha mpira.

"Nikwambie mimi ninachokijua," akasema Kozue, akasogea mpaka akasimama mbele ya magoti yake. Harufu ya dawa ya misuli ilikuwa ile ile. Ilimpanda puani na kumtia hasira upya. "Najua kwamba kila ukitoka kilimani umeshinda, unautazama mkono wako wa kulia. Hivi, umeuinua kidogo, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Nikiona mtazamo ule huwa nahesabu: haya, mwaka mwingine umekwenda. Nimepoteza ujana wangu kwa mtazamo ule. Leo utatoka kilimani na mimi nitakuwa nimesimama pale. Ukiutazama mkono huo, mimi na maua tutatoka kwa mlango wa nyuma. Sitakungoja nione ulichoamua."

"Nasikia kesho mna wageni," Shuzo akasema taratibu.

"Samaki ameshaagizwa."

Hakumwambia zaidi ya hapo. Hakumwambia kwamba asubuhi ile alishampigia Bwana Samejima na kumwomba radhi kwa heshima zote, kwamba akija Shuzo au asije, yeye hawezi kumpa mtu mpole nusu ya moyo. Wala hakumwambia alichomwomba Sosuke. Alitaka mizani ya mtu huyu iseme yenyewe. Akageuka, na alipofika mlangoni alisikia mpira ukipiga wavu, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Saa nane mchezo ukaanza. Majivu yalikuwa yamepungua lakini hayajakoma, na majukwaani watu walikaa na taulo vichwani, namba yake, kumi na saba, kila mahali. Mzee Morihiko alikuwa safu ya tatu upande wa kulia, amekunja mikono. Kozue alisimama kwenye mdomo wa njia ya wachezaji, shada kifuani, na msichana wa klabu pembeni yake akiwa ameshaanza kulia kabla ya jambo lolote kutokea.

Shuzo alipanda kilima. Sosuke akaingia, akavua kofia, akainama sana. Uwanja ukapiga makofi, ukatulia, ukatoa leso.

Mpira wa kwanza ulikuwa wa moja kwa moja, kilomita mia moja na thelathini, mpira wa mtu mwenye miaka thelathini na minane. Sosuke alizungusha gongo.

Ule mlio hakuna aliyeutegemea. Mpira uliruka nje ya mstari, ukapanda jukwaa la pili, ukapasua ndoo ya barafu ya muuza bia, na wapo wanaosema kuna chupa moja ambayo mpaka leo haijaonekana. Watu waligeukiana. Kisha mnong'ono ukaanza kama mvua juu ya bati: amepiga, huyu kijana amepiga.

Mdakaji wa Mwewe, achuchumaaye nyuma ya mpigaji, mtu mzima mwenye adabu zake, alimwuliza Sosuke chini ya barakoa yake kama amesahau leo ni siku gani.

"Sijasahau, kaka," Sosuke akajibu, akasimama tena.

Mpira wa pili ukaja, huo nao ukapigwa, na safari hii ulikwenda mbali, mbali, ukiambaa na mstari wa kushoto, ukapita nje ya nguzo kwa upana wa kiganja. Ungeingia, ungekuwa mzunguko mzima, pigo kubwa kuliko yote. Sasa kuzomea kukaanza. Kocha wa Okayama alikuwa amesimama, mikono kichwani. Mzee Morihiko aliinuka nusu, akakaa, akauma taulo lake. Mwamuzi akachukua brashi akaanza kufuta kibao cha nyumbani, pale mpigaji anaposimama, akakifuta, akakifuta, kama anayempa kijana nafasi ya kukumbuka malezi yake. Kwa kuwa mipira yote miwili ilitoka nje ya mstari, ilihesabiwa kama kukosa mara mbili. Ilibaki mara moja.

Kozue hakumtazama ndugu yake. Alimtazama Shuzo, na alichokiona hakukitegemea.

Shuzo alikuwa anatabasamu.

Si tabasamu la kuficha aibu. Mabega yake yalikuwa yameshuka, shingo imenyooka, macho yamekaa juu ya Sosuke kama macho ya mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya miaka miwili ya kuitwa mzee. Na hapo Kozue akaelewa alichokifanya. Alimtuma Sosuke amzime, na Sosuke alikuwa anamwasha. Alishika shada kwa nguvu hadi mashina yakalia.

Mdakaji alitoa ishara ya mpira wa moja kwa moja. Shuzo akatikisa kichwa. Mdakaji akarudia. Shuzo akatikisa tena, na glavu yake ikafunguka kidogo, upana wa kidole kimoja zaidi. Hakuna mtu katika wale elfu thelathini aliyeliona hilo isipokuwa mwanamke mmoja aliyewahi kulitazama kwa misimu mitatu akiwa na moyo mdomoni. Ilikuwa dalili ya mpira wa kudondoka. Daktari alikuwa amemkataza kuurusha tangu mwaka juzi.

Akajipinda, akautoa.

Ulikuja usawa wa paja, mnene, mzuri, wa kupigwa. Sosuke akautolea nguvu zake zote. Na mbele ya kibao mpira ukaanguka, kama kitu kilichokumbuka ghafla kwamba ni kizito.

Kozue alikaa kaunta ya baba yake miaka kumi na mitano, na magongo aliyoyasikia yakipita hewani hayana idadi. Mpigo wa adabu huchelewa kidogo na kulegea mwishoni. Sauti yake ni ya shuka linalokung'utwa. Huu ulichana. Gongo lilipita juu ya mpira, likamvuta Sosuke mzima mzima, akaanguka goti moja kwenye vumbi na majivu.

Uwanja ulishusha pumzi. Makofi yakalipuka, leso zikapanda, watu wakakumbatiana: kijana amekumbuka, ameona haya, amempa mzee haki yake. Watu elfu thelathini walikosea kwa pamoja. Waliojua kwamba mpira ule haukupigika walikuwa watano tu: mrushaji, mpigaji, mdakaji, mzee mmoja wa safu ya tatu aliyesahau taulo mdomoni, na Kozue.

Kisha Shuzo akainua mkono wake wa kulia, kidogo, mbele ya kifua. Akautazama.

Aliutazama kwa muda. Kozue alijua kuhesabu. Alihesabu mpaka kumi, hesabu moja kwa kila mwaka, na mkono bado ulikuwa juu. Akageuka. Msichana wa klabu alimnong'oneza, huku kamasi zikimtoka, kwamba dada, ni zamu yako, ingia. Kozue akapiga hatua ya kwanza kuelekea giza la njia, na ya pili. Ya tatu ilikuwa nzito. Ya nne hakuweza.

Kilimani, Sosuke alikuwa amefika kumpa mkono mrushaji, kama ilivyo. Kwa desturi mpira wa mwisho hubaki kwa anayestaafu, huwekwa kwenye kioo sebuleni. Shuzo aliuweka kwenye kiganja cha Sosuke, akavikunja vidole vya kijana juu yake. Walisemezana maneno mawili matatu. Halafu, badala ya kwenda benchi ambako timu nzima ilikuwa imejipanga, akaanza kutembea kuelekea kwenye njia.

Kozue alisikia viatu vyake vya meno vikigonga saruji.

"Umeutazama," akasema, bila kugeuka.

"Nimeutazama."

"Nilikwambia."

"Nilikuwa nauaga."

Akageuka. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye majivu usoni mwake, na kiwiko cha kulia alikishika kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine.

"Sosuke alipiga kweli," Shuzo akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Wewe?"

"Nilitaka akumalize."

Shuzo alimtazama, akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika. "Amekaribia. Ule wa pili nilishaukabidhi kwa Mungu."

"Usicheke. Sasa unajua hujakwisha. Ulichokuwa unakitafuta Taiwan umekipata hapa hapa. Barua bado iko kabatini na saa kumi na moja haijafika." Akampisha njia. "Nenda ukaijibu, Bwana Niiro. Mimi nitasimama vizuri tu."

"Nitaijibu. Nitawaambia sina nafasi." Akavuta pumzi, akaitafuta ile ndoo yake kisimani. "Miaka kumi nimeogopa kitu kimoja. Kuja kwenu nikiwa nimefukuzwa. Baba yako angekutazama aseme, haya, besiboli imekula nyama, imekuletea mfupa. Nilitaka nije na mkono unaofanya kazi. Kila mwaka nilisema mmoja tu, nishinde vizuri, niondoke vizuri. Halafu nikishinda nanogewa, nikishindwa naona aibu. Leo nimemtoa mpigaji anayetaka kunipiga. Ningeweza kurusha mwaka mzima mwingine. Ndiyo maana nimeweza kuuacha."

Kozue alilihamisha shada mkono wa pili.

"Na pia," Shuzo akaongeza, "nimechoka kula hotelini peke yangu. Kila hoteli supu ni ile ile."

Nje, spika zilianza kuita jina lake mara ya pili. Wimbo aliouchagua kwenye fomu ulikuwa umeanza na kukatishwa na kuanza tena. Juu ya njia, kwenye reli ya jukwaa, kichwa kikajitokeza, kimefunikwa taulo. Mzee Morihiko alikuwa amezishuka ngazi zote akiwasukuma watu.

"Niiro."

Shuzo alivua kofia, akainama mpaka kiwiko kikamuuma. "Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Ule mpira wa tatu. Ulidondoka wenyewe, au kijana wangu aliuacha kwa heshima?"

"Angekuwepo yeye ungemuuliza, mzee."

"Sina haja. Nimeliona goti. Mtu hapigi upepo wa adabu akaanguka goti." Alitafuna kitu kisichokuwepo mdomoni. "Nilicheza miaka kumi na miwili. Mpira kama ule nilikutana nao mara mbili, na mara zote mbili nilienda kulala bila kula." Kisha akamgeukia binti yake. "Mshenga alinipigia saa nne. Mtu wa chai haji. Ulidhani sitajua?"

"Nilikuwa nitakwambia jioni, baba."

"Jioni." Mzee alilitazama shada, akatazama ule mkono wa kulia wa Shuzo uliokuwa umeanza kuvimba, akatazama majivu yanayoshuka. Spika ziliita mara ya tatu. Taulo lilimteleza, na Kozue aliona jinsi baba yake alivyozeeka, na kwamba alikuwa anafikiria hoteli ya Sapporo.

"Samaki ana kilo tatu," hatimaye mzee akasema. "Muuzaji hakubali kumrudisha, na mimi peke yangu simmalizi. Kesho saa nne, Niiro. Vaa suti. Na ukitamka mwaka mmoja mbele ya samaki yule, utamla na magamba yake."

Kichwa kikapotea. Walimsikia huko juu akimwambia mtu ampishe.

Shuzo alibaki ameinama, kofia mkononi, kama aliyesahau namna ya kunyooka. Msichana wa klabu alikuwa ameacha kulia na kuanza kuomba: tafadhali, watu wanangoja, tafadhali. Kozue alipangusa petali kwa kidole. Kidole kikawa cheusi.

"Haya, pokea, Shuzo," akasema. "Yanajaa majivu."

Aliyapokea kwa mkono wa kulia, na safari hii hakuutazama.